Spika mpya ya gitaa: ni yenyewe inayozoea au ni masikio yetu?

Siku ya kwanza kuifunga ile spika nilidhani nimeuziwa feki. Yaani nyuzi za chini zimenyauka, za juu zinachoma kama ndimu kwenye kidonda, na pesa niliyotoa ningepata mbuzi wawili wa maana kule Mambrui. Spika ya inchi 12, omu 8, wati 60, imekuja na basi kutoka Mombasa imefungwa kwenye katoni kama mayai, na tena si moja, zilikuwa mbili za aina moja, nitaeleza kwa nini mbili maana stori yote imekaa hapo.

Nikaibeba kwa bodaboda mpaka kwa fundi wangu Maweni, hapa hapa Malindi, yeye hutengeneza kila kitu kuanzia redio za wavuvi mpaka amplifaya za misikiti. Akaibonyeza koni, ile karatasi pana ya mbele inayotikisika, kwa vidole, taratibu, pande zote sawasawa, akacheka. "Hii bado ngumu yakhe, haijazoea. Ipige miezi miwili mitatu ndo uje ulie hapa."

Sasa hayo maneno si mageni kwangu, mpiga gitaa yeyote ashayasikia. Mpiga besi wetu yeye anaapa kwamba spika haisemi ukweli mpaka ipite masaa mia, huyu wa kinanda anasema hayo ni mambo ya kujiliwaza tu mtu akishapigwa bei, na hawa wawili wakianza hawaishi, tumetoka Watamu mpaka Malindi usiku kwenye probox wanabishana hilo hilo na mi nimebanwa katikati na stendi za maikrofoni. Nikaona hapa sasa dawa ni kujua mwenyewe.

Nianze na kinachotokea ndani maana watu wengi hurukia kwenye ubishi bila kuchungulia. Igeuze spika uitazame kwa nyuma pale kwenye nafasi za fremu, utaona chini ya koni kuna kitambaa cha duara, rangi ya manjano au kahawia, kimekunjwakunjwa kama mawimbi ya bwawani mtu akitupa jiwe. Mafundi wanakiita spaida. Kazi yake ni mbili: kuishika ile koili, waya uliozungushwa unaoisukuma koni, katikati ya ufa mwembamba wa sumaku isije ikakwaruza, na kuirudisha mahali pake kila ikitupwa mbele ama nyuma. Ni kitambaa kweli, lakini kimelowekwa kwenye rezini, aina ya gundi inayokauka ngumu, kikabanwa na moto mpaka kikashika ile mikunjo, ndo maana ukikigusa ni kikavu kama kanzu iliyotiwa wanga mwingi. Kwenye spika mpya ile rezini imeshikanisha uzi na uzi. Ukianza kupiga, mikunjo inapinda na kunyooka mamia ya mara kwa sekunde moja, rezini inapata nyufa ndogo ndogo ambazo jicho halizioni, nyuzi zinaachana, kitambaa kinalegea. Ukingo wa koni nao, pale karatasi ilipokunjwa kwa nje, unapitia mambo yale yale.

Makubadhi mapya. Wiki ya kwanza yanakukata kidole gumba mpaka unatembea kama bata, halafu ngozi inajua mguu. Ni hivo hivo, na ngozi haikubadilika kuwa kitu kingine, imelegea tu pale inapokunjwa. (Ngoma za Wagiriama ni kinyume chake, zile huoteshwa moto kwanza ngozi ikaze ndo zilie. Fundi mmoja analegeza, mwingine anakaza, na wote wanatafuta sauti.)

Sasa kulegea kwa spaida kunabadilisha nini? Kila spika ina mlio wake wa asili, yaani ukiipiga koni kidole taratibu inajibu "dum", kuna idadi fulani ya mitikisiko kwa sekunde ambayo inaipenda kuliko nyingine. Inatokana na vitu viwili tu, uzito wa kile kinachocheza na ugumu wa kile kinachokirudisha. Uzito haubadiliki, koni ni ile ile. Ugumu ukipungua, mlio unashuka. Na spika za gitaa mlio huo mara nyingi huwa kwenye 75 mpaka 100 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa, ule wa E ukiupiga wazi, ni 82. Kwa hivyo haya mabadiliko yanaangukia mahali pabaya au pazuri, inategemea umeamka vipi, ni pale pale miguu ya gitaa ilipokanyaga.

Kwa hivyo fundi hakunidanganya, kitu kinabadilika kweli, si uchawi. Lakini hapo nikajikuta na swali ambalo lilinisumbua siku nyingi: mi kilichonikera zaidi ni trebo, yaani zile sauti za juu, ule ukali, na spaida haina kesi kubwa na trebo. Trebo ya spika ya gitaa inatoka kwenye karatasi ya koni yenyewe inavojipinda vipande vipande kwenye sauti za juu, na kwa kifuniko cha katikati, na kwa umbo la koni, halafu ikifika kama 5,000 hivi inaporomoka. Sasa hiyo inalainika vipi kwa kulegea kitambaa cha nyuma? Weka hilo kiporo, tutarudi.

Kwanza niwaambie ujinga nilioufanya. Nilisikia kwamba watu hawasubiri miezi, wanaiunganisha spika kwenye transfoma ndogo wanaiacha inguruma usiku kucha. Umeme wetu ni mitikisiko 50 kwa sekunde, kwa hivyo spika inatoa mngurumo mmoja, mmmmmm, na koni inacheza mbele nyuma mbele nyuma. Nikachukua transfoma ya volti 12, volti 12 kwa omu 8 hesabu yake ni kama wati 18, spika inabeba 60, nikaona niko salama. Nikaiweka chini sakafuni chumba cha nyuma saa moja usiku, baada ya Magharibi.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Mwanangu, umeleta mashine ya kusaga ndani ya nyumba?"

"Ni spika mama, naizoesha."

"Azoeshwaye ni mtoto kunyonya. Zima hiyo kabla Isha haijaadhiniwa."

Nikazima. Nilipata kama nusu saa, na vikombe vyote vya kabati vilikuwa vinaimba. Na hapa tahadhari, sitanii: mtu mmoja mtaani, simtaji, aliposikia nafanya hivo akaona transfoma ni ya nini, akachomeka spika yake moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Volti 240 kwa omu 8 ni wati 7,200. Ilisema neno moja tu. Koili ilikuwa mkaa, chumba kizima kilinuka gundi iliyoungua siku mbili, na shukuru Mungu hakuwa ameshika ile waya. Tafadhali msifanye.

Kuna njia nyingine ya kistaarabu kama una spika mbili, unazielekezanisha uso kwa uso, unageuza waya za moja, moja ikisukuma nyingine inavuta, kelele nyingi inamezana hapo hapo katikati na majirani wanalala. Ningeifanya, lakini hapo ndo inapoingia habari ya seremala.

Nilinunua mbili kwa sababu nilitaka boksi la spika mbili. Nikamchorea seremala, plaiwudi ya milimita 18, nyuma wazi nusu, kila kitu. Hiyo ilikuwa Disemba, kaskazi ndo imeingia, mji umejaa wageni, kila hoteli inataka bendi. Akaniambia wiki mbili inshallah. Wanaojua seremala wanajua hiyo inshallah ni ya aina gani. Januari akawa na kitanda cha bwana harusi, Februari msumeno umeharibika, Ramadhani ikaingia, mvua za masika zikaja mbao haikauki, boksi likawa tayari Juni. Mi siwezi kungoja, nikachukua spika moja nikaifunga kwenye kiboksi changu cha zamani cha spika moja nikaendelea na kazi, ya pili ikabaki ndani ya katoni, ndani ya nailoni yake, pamoja na kile kipakiti cha chembechembe za kunyonya unyevu, chini ya kitanda.

Kwa hivyo bila kupanga nikawa na ndugu mapacha wawili, mmoja ameenda baharini miezi sita na mwingine amelala chini ya kitanda hajaona jua. Hoteli, harusi za Shela, harusi za Muyeye, usiku mmoja wa taarabu ambao kinanda kilikufa nikabeba nyimbo nzima na gitaa, yote spika ile moja. Na kufikia Machi hivi mi nilikuwa nishaacha kulalamika. Ilikuwa tamu. Ukali umeenda, besi imekaa. Nikamwambia fundi, ulisema kweli. Akatingisha kichwa kama mtu aliyelipwa deni.

Juni hoteli zimepoa, kusi inavuma, mwani umejaa ufukweni, kazi hakuna. Nikaitoa ile ya chini ya kitanda.

Kosa langu la kwanza ni kwamba niliifunga siku ile ile nikailinganisha, nikasikia tofauti kubwa mno, nikaenda kumtangazia kila mtu. Halafu usiku nikakumbuka kile kipakiti. Koni ni karatasi jamani. Karatasi inakunywa hewa, na hewa ya Malindi mnaijua, chumvi kwenye kisahani inageuka maji, gitaa langu lenyewe linahitaji kukazwa upya kila pepo zikigeuka. Spika moja imekaa miezi sita inakunywa unyevu wa bahari, nyingine imekaa ndani ya nailoni na dawa ya kukausha. Hapo nalinganisha iliyozoea na isiyozoea, ama nalinganisha karatasi mbichi na karatasi kavu? Nikazilaza zote mbili kifudifudi juu ya mkeka sebuleni siku kumi, zinywe hewa moja.

Baada ya hapo nikazipima. Hii ni rahisi hata kama huna vifaa vya maana: simu yenye programu ya kutoa sauti ya mlio mmoja, unaipitisha kwenye amplifaya, halafu kabla ya spika unaweka rezista moja, kile kidude cha kuzuia umeme, mi nilitumia ya omu 1,000, na mita yako ya kawaida ya kupimia umeme unaishika kwenye miguu ya spika ukisoma volti za AC. Unapandisha mlio pole pole, volti zinapanda, zinafika kilele, zinaanza kushuka. Pale kileleni ndo mlio wa asili wa spika yako. Spika iwe imeshikwa hewani, si juu ya meza na wala si ndani ya boksi.

Ile iliyofanya kazi ilisoma 74. Ile ya chini ya kitanda 82.

Wallahi nilisimama nikacheka peke yangu. Mpiga besi wetu alikuwa na haki. Kisha nikaifunga hiyo mpya, nikaweka sauti safi, besi juu, nikapiga makodi mazito ya wazi, nyuzi zote kwa pamoja, kwa nguvu dakika 20, nikaitoa nikaipima ikiwa bado ya moto: 78. Dakika 20 tu imemeza nusu ya safari! Asubuhi yake ilikuwa 79, imejikaza tena kidogo baada ya kupumzika. Kwa hivyo hayo masaa mia sijui yanatoka wapi, kazi kubwa inafanyika mwanzoni kabisa, mengine ni matone.

Lakini mita si sikio. Nikamwita mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na tatu na anapenda kunikosoa, nikamwambia leo una ruhusa. Viboksi viwili vinavyofanana, kimoja nilikiazima, tukavifunika na leso ya mama, yeye anabadilisha waya nyuma mi nimegeukia dirishani sioni, napiga kitu kile kile, naandika ya kwanza ama ya pili. Na kabla ya hapo tulisawazisha sauti kwa mita, maana hili ni jambo wengi wanalisahau, kitu kikiwa na sauti kubwa kidogo tu kuliko kingine sikio linakiita kitamu, halikiiti kikubwa.

Mara kumi. Nilipatia saba.

"Mjomba, si mbaya," akaniambia, kama mwalimu. Nikaanza kujisifu, halafu nikafanya hesabu. Ukirusha shilingi mara kumi, uwezekano wa kupatia saba au zaidi kwa bahati tu ni kama mara moja katika kila sita. Hiyo si ushahidi wa kumpelekea kadhi. Na zile nilizopatia nilikuwa nasikiliza uzi mnene peke yake, ule "dum" wa chini, kwenye ile iliyozoea uko mpana kidogo, umekaa. Huku juu, kwenye ule ukali ulionitoa machozi Disemba, sikuweza kuzitofautisha kabisa. Kabisa. Spika mpya haikuwa na ukali zaidi ya ile iliyozoea.

Basi ule ukali ulienda wapi? Nimekaa nikafikiria, na jibu linanitia aibu kidogo. Siku ya kwanza niliijaribu nikiwa nimekaa kitandani, boksi liko juu ya meza, linanitazama usoni. Spika ya inchi 12 inatupa trebo kama tochi, mbele moja kwa moja, maana mawimbi ya sauti za juu ni mafupi kuliko upana wa koni yenyewe, kwa hivyo hayasambai, ila besi yenyewe inazagaa chumba kizima. Ukikaa kwenye mwanga wa tochi utasema inachoma. Kwenye kazi boksi liko chini, mi nimesimama, trebo inanipiga magotini, na magoti hayana masikio. Halafu nilitoka kwenye spika kuukuu ambayo koni yake ilikuwa imechoka na ina kiraka, nilikuwa nimeizoea miaka, chochote kizima kingenionekea kikali. Na jambo la tatu, ambalo sikuliona mpaka nilipoitazama amplifaya kwa makini: kile kitufe cha trebo, ambacho Disemba kilikuwa kwenye sita, Juni kiko kwenye nne. Sikumbuki lini nilikishusha. Nadhani nilikishusha robo robo, harusi baada ya harusi, huku nikimsifu fundi.

Nilipomwambia haya fundi hakupenda. Akaniuliza mita yako ilisema nini? Nikamwambia 74 na 82. "Basi si nilikwambia." Ni kweli aliniambia, siwezi kumnyima. Na kuna watu ambao hizo nane wataziona zaidi yangu. Mi amplifaya yangu ni ya transista, inaishika spika kwa mkono mgumu. Amp ya tyubu, ile yenye taa za kioo ndani, inaiachia zaidi, ule mlio wa asili unatokeza wenyewe kwenye sauti, kwa hivyo ukishuka utasikika. Boksi lililofungwa nyuma pia ni habari nyingine, hewa iliyobanwa ndani inakuwa springi nyingine juu ya spaida, ukilegeza spaida mabadiliko yanakuwa madogo, lakini boksi la nyuma wazi linaiacha spika iwe ilivyo. Kwa hivyo mpiga besi na mpiga kinanda wanaweza kuendelea kubishana mpaka Kilifi, kila mmoja ana kipande chake.

Watu watauliza, sasa nikinunua mpya nifanye nini? Ipige. Weka besi, piga makodi mazito nusu saa mchana watu wakiwa kazini, halafu weka boksi chini pale litakapokaa siku zote, usimame pale utakaposimama siku zote, usilihukumu kitandani. Ikiwa baada ya wiki mbili bado inakukera, hiyo si ugeni, hiyo ni spika ambayo hamkuandikiwa, iuze ingali na katoni yake. Transfoma mrudishie mwenyewe.

Alhamisi nilizipeleka zote mbili kwa seremala afunge kwenye lile boksi jipya, ambalo kusema haki ni zuri, kingo zimepigwa msasa mpaka zinateleza. Nilikuwa nimetia alama ya chaki nyuma ya sumaku ya ile iliyozoea ili nijue ipi ni ipi. Nilipoenda kuchukua nikamkuta anazipangusa vumbi la mbao na kitambaa kibichi, kwa heshima kabisa, sumaku zote mbili zinang'aa. Nikamuuliza ile yenye chaki iko upande gani, akaniambia, "Chaki gani?"

Ningeweza kuzifungua nizipime tena. Lakini ni skrubu nane kila moja, na Jumamosi tuna harusi Mambrui.